Pigo Kwanza, Tempo Baadaye

Namba 120 iliyoandikwa juu ya ukurasa wa tablatura haina maana mpaka ijulikane inahesabu noti gani. Wapiga gitaa wengi wanaojifunza kwa kompyuta huipita haraka: wimbo ukienda mbio wanaishusha, ukizubaa wanaipandisha, wakiridhika wanahifadhi faili na kuwatumia wenzao. Tatizo linaanzia hapo. Tablatura yenyewe, ile mistari sita yenye namba za freti, humwonyesha mpigaji aweke kidole wapi. Haimwambii noti idumu muda gani. Ndiyo maana tablatura iliyochapwa kwa herufi tupu haimfai sana mtu asiyeujua wimbo tayari. Programu kama Guitar Pro, inayotolewa na kampuni ya Ufaransa ya Arobas Music tangu 1997, na zile za bure kama TuxGuitar na MuseScore, zimeziba pengo hilo kwa kuipa kila namba ya freti urefu wake. Kwa hiyo anayeandika sasa ana mambo matatu mkononi ambayo ni rahisi kuyachanganya: urefu wa noti, tempo ya wimbo, na kasi ya kufanyia mazoezi. Naona yana mpangilio wake. Kwanza pigo lijulikane na noti ziandikwe kulifuata, kisha tempo ipimwe. Na kasi ya mazoezi isiguse chochote kati ya hivyo viwili.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo inayoonyesha namna namba inavyodanganya. Tempo ikiwa 120 kwa noti ya robo, kila robo inachukua nusu sekunde, na thumni inachukua robo ya sekunde. Sasa mtu aandike wimbo uleule kwa noti zenye urefu maradufu, pale penye thumni aweke robo, halafu apandishe tempo hadi 240. Kompyuta itatoa sauti ileile, bila tofauti hata chembe. Faili za namna hii zimejaa kwenye intaneti: tempo 220, 240, hata zaidi, kwa wimbo ambao mchezaji angeupigia mguu kwa utulivu kabisa. Chanzo chake mara nyingi ni kwamba mwandishi aliingiza noti za robo kwa kuwa ndizo programu ilizompa mwanzoni, akasikiliza, akaona wimbo unajikokota, akapandisha namba mpaka sikio likakubali. Alirekebisha tempo, ilhali kilichotakiwa kurekebishwa ni mwandiko. Dawa yake ni kupunguza vyote viwili kwa nusu, urefu wa noti na tempo. MuseScore ina amri ya kubandika noti ulizonakili kwa nusu ya urefu wake au kwa maradufu, hivyo kazi yenyewe ni ya dakika chache.

Jambo linakuwa zito zaidi kwenye mapigo ya kumi na mbili, ambayo yamejaa katika muziki wetu wa ngoma na gitaa. Chukua kipimo kimoja chenye thumni kumi na mbili zinazolingana, kidole cha shahada kikidonoa nyuzi nyembamba na gumba likishika besi. Gumba likianguka kwenye thumni ya kwanza, ya nne, ya saba na ya kumi, una mapigo manne yenye thumni tatutatu; huo ndio mwandiko wa 12/8. Likianguka kwenye ya kwanza, ya tatu, ya tano na kuendelea, una mapigo sita yenye thumni mbilimbili. Thumni ni zilezile na zimepangana vilevile, ila mguu unakanyaga mahali pengine. Tuseme sasa umehesabu mapigo manne kwa kipimo na kupata mapigo 100 kwa dakika. Pigo hilo ni robo yenye nukta, yaani thumni tatu, kwa hiyo kila thumni inachukua sehemu mbili za kumi za sekunde. Programu nyingi, hasa matoleo ya zamani, hazijui hilo: huhesabu tempo kwa robo isiyo na nukta. Ukiandika 100, wimbo utakwenda kwa theluthi mbili ya kasi yake halisi. Namba inayotakiwa hapo ni 150. Hata faili za MIDI, mfumo uliowekwa 1983 ambao programu hizi zote zinauelewa, hutunza tempo kwa muda wa robo moja: mapigo 120 huandikwa humo kama maikrosekunde 500,000 kwa robo. Kwa hiyo mwenye kuandika 12/8 asiamini namba kabla ya kuangalia alama ya noti iliyo pembeni yake.

Atatokea wa kuuliza: kama masikio yanasikia kitu kilekile, mwandiko una faida gani? Swali hili ni la haki, na jibu lake liko kwenye metronomu. Metronomu ya programu hulia kufuatana na alama ya kipimo iliyoandikwa. Katika mfano wetu, mlio ukiwa mmoja kwa kila pigo, anayefanya mazoezi kwenye faili ya mapigo manne atasikia milio 100 kwa dakika, na anayefanya mazoezi kwenye faili ya mapigo sita atasikia 150, mingi ikiangukia pasipo na besi. Wote wawili watazipata noti, lakini watakapokaa na mpiga ngoma mmoja wao atayumba, kwa sababu alifundishwa kuegemea mahali ambapo bendi haiegemei. Zaidi ya hapo, mwandiko ndio unaoamua kipimo kinaanzia wapi, kipande cha kurudiarudia kinakatwa wapi, na ukurasa unasomeka au hausomeki. Faili ya tempo 240 iliyojaa robo tupu ina vipimo maradufu ya vinavyohitajika, na mzunguko wa kodi unaopaswa kuonekana kwenye mstari mmoja unatawanyika kwenye miwili. Mwandiko mmoja tu ndio hauna ugomvi: kuweka 4/4 na kuandika noti tatutatu ndani ya kila pigo. Pigo linabaki mahali pake, hivyo anayeupenda na autumie.

Umuhimu wa jambo hili unaonekana vizuri kwa Mwenda Jean Bosco, yule mpiga gitaa wa Katanga aliyeimba kwa Kiswahili na ambaye mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi Jadotville, leo Likasi, mwaka 1952. Miaka kumi hivi baadaye, 1961 na 1962, mtafiti mwingine, David Rycroft, alichapisha katika jarida la African Music uchambuzi wa upigaji wake, noti kwa noti, kabla ya kompyuta yoyote ya kumsikilizisha alichoandika. Ilimbidi kuamua mwenyewe pigo liko wapi, na msomaji anaweza kuuona uamuzi wake na kuujadili. Faili inayotoa sauti yenyewe inaficha uamuzi huo: kila mtu anaamini kwa kuwa inalia. Tena, nyimbo za enzi hizo zilitoka kwenye santuri za mizunguko 78 kwa dakika, na kasi ya santuri hubadilisha tempo na sauti kwa pamoja. Santuri ya 78 ikizungushwa mara 80 kwa dakika, wimbo wa mapigo 110 unakaribia 113, na gitaa linapanda karibu nusu ya freti. Kasi ikizidi kwa takriban asilimia 6, limepanda freti nzima. Kwenye tablatura mambo haya mawili hayashikani, kwa sababu programu haivuti rekodi, inazipiga noti upya. Tempo ikishuka, sauti inabaki palepale. Kwa hiyo gitaa la kwenye rekodi likiangukia katikati ya freti mbili za gitaa lako lililokazwa sawasawa, usiandike tempo kwanza. Inawezekana mwanamuziki alikaza nyuzi zake vingine, na inawezekana pia rekodi imekimbizwa.

Kasi ya mazoezi ni habari nyingine, na hapa ndipo faili nzuri nyingi huharibiwa. Mwanafunzi akiona mapigo 110 yanamshinda, anafungua tempo, anaandika 66, anahifadhi, na mwenzake anayepokea faili hiyo anajua wimbo wa polepole ambao haukuwahi kupigwa. Njia sahihi ni kutumia kasi ya asilimia. Guitar Pro na TuxGuitar zote zina sehemu ya kuchagua kipande, kukianza kwa asilimia 60, na kukiongeza kidogokidogo kila kikirudi mpaka kifike 100. Asilimia 60 ya 110 ni 66 ileile, ila namba ya wimbo haikuguswa. Sishauri kushuka chini sana. Kwenye asilimia 30 mpishano wa gumba na kidole cha shahada hausikiki tena kama mdundo, na unachofundishwa ni vidole peke yake.

Kuna pingamizi la mwisho, nalo ndilo zito kuliko yote: kwamba muziki wa watu hai haukai kwenye namba moja, bendi hukaza mwendo ikifika kwenye sebene, ile sehemu ya magitaa ya kuchezesha, na kuufunga kwenye gridi ya kompyuta ni kuunyima pumzi. Ni kweli bendi hukaza mwendo. Lakini programu hizi zinakubali tempo mpya kwenye kipimo chochote, na Guitar Pro 8, iliyotoka 2022, inaruhusu kuweka sauti ya rekodi sambamba na tablatura na kuzifunganisha kipimo kwa kipimo, ili mwandiko uufuate mwendo wa wapigaji. Kinachoua pumzi ni kuandika sebene kwa noti fupi zaidi badala ya tempo ya juu zaidi, kwani hapo msomaji anaambiwa mdundo umegeuka, kumbe mwendo tu ndio umeongezeka. Zile tofauti ndogo za kuchelewa na kuwahi ndani ya pigo hakuna mwandiko unaozishika zote. Hizo zitafutwe kwenye rekodi yenyewe, faili ikiwa ramani ya kuifikia.

Basi anayeandika gitaa la wazee wetu, na aandike: hii ni kazi inayohitaji mikono mingi, na wengi wa waliolipiga hawapo tena wa kuulizwa. Ila juu ya ukurasa wa kwanza aweke pigo ni noti gani, ni mapigo mangapi kwa dakika, na aliyapima kwenye rekodi ipi.