Injini Inapozima Angani

Katika ndege ndogo za starehe, zile zenye injini moja na viti viwili hadi vinne, injini kuzima hakuiangushi ndege papo hapo kama wengi wanavyodhani, kwa sababu kinachoibeba hewani ni mabawa, nayo hufanya kazi maadamu hewa inayapitia kwa kasi ya kutosha. Ndege ya Cessna 172 iliyo mita 300 juu ya ardhi, ikiinamishwa pua na kushikiliwa kwenye mwendo wa takriban kilomita 120 kwa saa, huweza kuteleza zaidi ya kilomita 2 kabla ya kutua, umbali ambao mara nyingi hutosha kufikia shamba au uwanja wa wazi.

Sababu zinazojirudia mno ni za mafuta: ama yamekwisha, ama yamo katika tangi moja ilhali injini inavuta kutoka jingine lililokauka. Ipo pia barafu ya kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa, ambamo petroli inapogeuka mvuke huipooza hewa hadi unyevu ukaganda na kuziba njia, hata siku yenye joto la nyuzi 25. Barafu hiyo ina hila yake, kwani huyeyuka kabla wachunguzi hawajafika.

Mkasa unaofundisha zaidi ni wa mwimbaji wa Marekani John Denver, aliyefariki tarehe 12 Oktoba 1997 katika ghuba ya Monterey, California, akiwa peke yake katika ndege ya Long-EZ aliyoinunua karibuni. Ndege hiyo ilisanifiwa na Burt Rutan lakini iliundwa na fundi wa nyumbani, ambaye hakutaka mabomba ya petroli yapite alipoketi rubani, kwa hiyo akauhamishia mkono wa kuchagua tangi nyuma ya bega la kushoto; hadhari hiyo ndiyo iliyozaa hatari. Ili kuufikia, rubani alilazimika kuachia usukani na kujipinda, na mtu anayejipinda hivyo hujikaza kwa mguu wa kulia, ambao hapo ulikuwa juu ya pedali inayogeuza ndege. Denver alijua ugumu huo kabla ya kuruka, akapewa hata kioo cha kutazamia vipimo vya mafuta vilivyokuwa nyuma yake, lakini akakataa kuongezewa mafuta kwa kuwa safari ingekuwa fupi. Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafirishaji ya Marekani iliamua kwamba alipokuwa akihangaika na mkono huo aliikanyaga pedali bila kukusudia, ndege ikamponyoka. Na ikataja pia mpangilio wa fundi, vipimo visivyo na alama na uhaba wa mafunzo.

Mwigizaji Harrison Ford naye alipoteza nguvu za injini tarehe 5 Machi 2015, mara baada ya kuruka kutoka Santa Monica kwa ndege ya mwaka 1942, kwa sababu kipande cha ndani ya kabureta kinachopima petroli kilikuwa kimelegea. Alianza kurejea kiwanjani, akaona hatafika, akaishusha ndege kwenye uwanja wa gofu. Aliumia vibaya, lakini alipona na akarudi kurusha ndege.