Ufanisi Si Haraka: Funzo la Mahamri ya Kitengela

Leo twapenda kuzungumza na akina mama wafanyao biashara, kwani tumewaona wengi wakitoka jasho jingi na kurudi nyumbani mikono mitupu.

Mwezi uliopita tulikuwa Kitengela, Kaunti ya Kajiado, mji uliomea kando ya barabara ya Namanga katika nchi ya malisho ya Wamasai. Pamoja na ahali yetu tulimzuru dada mmoja, mjane mzaliwa wa Lamu, auzaye mahamri na mbaazi. Wateja humjaa tangu alfajiri. Lakini kodi ya miezi miwili ilikuwa haijalipwa, naye alikwisha kata shauri kufunga duka na kurudi kwao.

Baada ya swala ya Isha tulimwomba daftari. Hakuwa nalo. Madeni aliyaweka kichwani. Fedha za duka na za jikoni zilikaa mkoba mmoja. Maji aliyanunua mtungi mmoja mmoja. Tena peke yake alikanda, akakaanga, akapakua na kurudisha chenji, hata wateja wakachoka kungoja wakaenda zao.

Ndugu zetu, ufanisi si haraka. Ufanisi ni kutopoteza mali, wakati wala imani ya mteja. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, yahusu kuandika madeni. Vipi basi tuone haya kuandika deni la jirani?

Hata wenyeji wa Kajiado wana mfano mwema. Kule Kiserian, machinjio ya Keekonyokie hugeuza taka za mifugo, damu ikiwamo, kuwa gesi. Kilichokuwa uvundo kimekuwa moto.

Dada yetu alianza na mambo manne: daftari la madeni, mkoba wa duka mbali na wa nyumba, naye akijilipa ujira maalumu kila Ijumaa, tangi la maji kwa ubia na jirani, na mwanawe aliyemaliza shule kupokea malipo, ya taslimu na ya M-Pesa.

Juma lililopita alitupigia simu. Kodi ya mwezi mmoja imelipwa, ya pili bado. Lakini duka li wazi. Nawe mama usomaye haya, usiku huu kabla ya kulala, andika unachodai na unachodaiwa.