MIKONO NA MOYO WA MWUGUZI

Ni jamaa gani katika nchi yetu isiyopata kubisha hodi kwenye mlango wa zahanati? Huko twampeleka mtoto mwenye homa, mama aliyeshikwa na uchungu wa kuzaa, mzee anayepumua kwa shida. Na mara nyingi mtu tunayemkuta kwanza si daktari, bali ni mwuguzi. Yeye ndiye apimaye joto, achomaye sindano, akeshaye usiku karibu na kitanda. Mgonjwa akipona, twamshukuru, akifa, twamlaumu. Lakini ni wachache wanaojiuliza: Je, mwuguzi mwenyewe yu mzima?

Juma hili twataka kusema juu ya mambo mawili ambayo watu huyatenga, nayo hayatengani: ustadi wa mikono ya mwuguzi na amani ya moyo wake. Hatuna haja ya kutafuta mifano mbali. Nchi yetu ya Kongo imelilipia somo hili kwa machozi.

Sindano tano za Yambuku

Mwaka 1976 ugonjwa usiojulikana uliingia katika hospitali ya misioni ya Yambuku, upande wa kaskazini wa nchi. Daktari hakuwapo, wauguzi na masista ndio waliobeba kazi yote. Kila asubuhi walitoa sindano tano tu kwa ajili ya wagonjwa wote wa nje. Sindano ikiisha kumchoma mmoja, ilisuuzwa katika maji ya vuguvugu, kisha ikamchoma mwingine. Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa na wagonjwa wengi na vyombo vichache, wakafanya kama walivyozoea. Lakini ugonjwa huo, ambao baadaye uliitwa Ebola, ulipita katika sindano zile zile zilizotazamiwa kuleta uzima. Watu 318 waliugua, 280 wakafa. Katika wafanyakazi 17 wa hospitali, 11 walikufa, hata ikabidi milango yake ifungwe.

Mwaka 1995 Ebola ilirudi, mara hii katika mji wa Kikwit. Watu 315 waliugua, na karibu robo yao walikuwa watumishi wa afya. Masista sita Waitalia wa shirika la Bergamo, waliokuwa wakiwauguza wagonjwa, walikufa mmoja baada ya mwingine. Ndipo zilipoletwa glavu, barakoa na mavazi ya kinga, na wauguzi wakafundishwa namna ya kuvitumia. Tangu hapo maambukizo kati yao yakapungua sana. Ugonjwa ulikuwa ule ule na watu walikuwa wale wale. Kilichobadilika ni vyombo na desturi ya kazi.

Tena, tangu Agosti 2018 hata Juni 2020, Kivu ya Kaskazini na Ituri zilipigwa na Ebola kubwa kuliko zote zilizopata kuonekana katika Kongo: wagonjwa 3470, na waliokufa 2287. Lakini safari hii watumishi wa afya walikuwa kama 5 tu katika kila wagonjwa 100. Chanjo ilisaidia, kwa kuwa watu zaidi ya 300 000 walichanjwa. Na mazoea mema ya mikono yalisaidia vilevile.

Ustadi ni mazoea

Wengine hufikiri kwamba ustadi wa mwuguzi ni kujua majina mengi ya dawa. Sivyo. Sehemu yake kubwa ni mambo madogo yanayofanywa vizuri kila siku, hata pasipo mtu wa kutazama. Kunawa mikono kabla ya kumgusa mgonjwa na baada ya kumgusa. Kabla ya kazi inayotaka usafi, kama kufunga kidonda. Baada ya kugusa damu au uchafu wa mwili. Na baada ya kugusa kitanda na vitu vya mgonjwa. Kwa sabuni na maji, kazi hiyo yataka sekunde 40 hata 60, wala si kulowesha vidole tu. Sindano iliyokwisha kutumiwa isirudishiwe kifuniko chake, kwa maana hapo ndipo wengi hujichoma. Itupwe mara moja katika sanduku lake, na sanduku lisijazwe kupita robo tatu.

Mambo hayo ni mepesi kuyasoma. Lakini nani huyasahau? Si mjinga peke yake. Huyasahau mtu aliyechoka, mtu mwenye hofu, mtu ambaye jana alimfunika mtoto aliyekufa na leo ameitwa tena zamu. Haraka haraka haina baraka, nayo haraka mara nyingi hutoka katika moyo usiotulia. Wale waliofanya kazi ya Ebola wajua kwamba hatari kubwa haimo katika kuvaa mavazi ya kinga, bali katika kuyavua. Wakati huo mtu amelowa jasho, kichwa chamwuma, atamani hewa. Akijigusa uso mara moja, basi. Ndiyo sababu sheria yasema watu waingie wawili wawili, wasikawie ndani kwa joto lile, na mwingine asimame nje awasomee hatua za kuvua, moja baada ya moja. Sheria hiyo yalinda mwili. Tena yaulinda moyo, kwa sababu yamwambia mwuguzi: hauko peke yako.

Jeraha lisiloonekana

Katika Beni na Butembo wauguzi walibeba mzigo mwingine. Watu wengi hawakuamini kwamba ugonjwa ulikuwako. Walisema ni biashara, au ni siasa. Vituo vilishambuliwa. Tarehe 19 Aprili 2019, Daktari Richard Mouzoko, mtu wa Kameruni, aliuawa kwa risasi akiwa kazini katika hospitali moja ya Butembo. Tufikiri kidogo: mwuguzi aogopa ugonjwa ndani ya chumba, aogopa mawe njiani, na akifika nyumbani jirani wakataa kumpa mkono. Atapumzika wapi?

Mwaka huo huo wa 2019, Shirika la Afya la Ulimwengu lilieleza katika orodha yake ya magonjwa ile hali ya kuchakaa kwa sababu ya kazi. Halikuiita ugonjwa, bali hali itokayo katika taabu za kazi zisizotunzwa vema. Likataja dalili tatu. Ya kwanza, nguvu zimekwisha, na usingizi haumrudishii mtu nguvu zake. Ya pili, moyo umejitenga na kazi: mgonjwa haitwi tena kwa jina, aitwa «kitanda cha saba». Ya tatu, mtu aona kwamba kazi yake haifai kitu. Tukimkuta mwuguzi mkali, asiyetazama uso wa mtu, labda tabia yake ni mbaya. Lakini labda pia ni mtu aliyechakaa.

Dawa yake

Tusidhani kwamba dawa ni kumwambia, «Jipe moyo.» Mzigo ukizidi, hupunguzwa, au wachukuzi huongezwa.

Kwa wakuu wa hospitali twasema hivi: zamu ziwe na mwisho unaojulikana, mshahara ufike kwa wakati, glavu na sabuni zisikosekane. Kumwagiza mtu awe hodari huku hana glavu ni kumdhulumu. Tena, baada ya kifo kigumu, wauguzi wakutane dakika chache wasimulie yaliyotokea, pasipo kutafuta wa kumshtaki. Aliyejichoma sindano aweze kusema saa ile ile bila kuogopa adhabu, kwa sababu mficha maradhi, kilio kitamfichua.

Kwa wauguzi wenyewe: mwenzenu akiumia moyoni, kumbukeni maneno matatu yanayofundishwa siku hizi kwa msaada wa kwanza wa moyo: tazama, sikiliza, unganisha. Tazama kama yu salama, na anahitaji nini. Sikiliza bila kumlazimisha kusema. Mwunganishe na watu wanaoweza kumsaidia. Na ikiwa usingizi umekimbia kwa majuma mengi, au mawazo ya kujiua yamekuja, isiwe aibu kumwendea mganga. Anayewatibu wengine aruhusiwe naye kutibiwa.

Katika Beni, mwaka 2018, vilitumiwa vyumba vyenye kuta zinazopenyeza macho, vilivyoletwa na shirika la ALIMA. Jamaa waliweza kumwona mgonjwa wao, na mwuguzi aliweza kumhudumia kutoka nje bila kuvaa mavazi mazito yote. Watu waliopona Ebola nao waliajiriwa kuwalea watoto wadogo ambao mama zao walikuwa wamelazwa. Hayo yatufundisha kwamba yanayomfariji mgonjwa mara nyingi humfariji pia yule amwuguzaye.

Na sisi nyumbani?

Baba na mama wa jamaa, hatuwezi kujenga hospitali, lakini twaweza kufanya jambo. Tukifika zahanati, tumsalimu mwuguzi kabla ya kumdai. Tumwambie kweli juu ya ugonjwa, na dawa tulizokwisha kunywa, asifanye kazi gizani. Akinawa mikono mbele yetu, tusione kwamba atudharau. Na asiponawa, tumwombe kwa heshima. Ikiwa mwuguzi ni mke wetu, mume wetu au mtoto wetu, arudipo kutoka zamu ya usiku tumwachie usingizi wake, wala tusimngojee mlangoni na shida zote za ukoo. Kisha, siku moja, tumwulize: «Kazi ilikuwaje?» Tena tukae, tusikilize mpaka amalize.

Mkono mmoja haulei mwana. Mwuguzi amepewa kutuangalia katika saa zetu mbaya. Ni nani atakayemwangalia yeye, ikiwa si wakuu wake, wenzake, na sisi?