Kwa nini kompyuta hukataa folda iitwayo COM1

Katibu wa msikiti hapa Chome, wilayani Same, akitaka kuhifadhi mihtasari ya kamati ndogo ya kwanza katika folda aliyoipa jina COM1, kompyuta yenye Windows itamkatalia. Akiandika CON, PRN, AUX au NUL, jibu ni lile lile. Umeenea ujumbe kwamba siri ya CON haijui hata Bill Gates. Si kweli, na ni vyema mzazi awe na jawabu mwanawe anapomuuliza.

Majina hayo yamekwisha kupewa vifaa. CON ni kibodi na skrini, PRN ni printa, COM1 ni tundu la kuunganishia vifaa kama modemu, na NUL ni shimo: kinachotumwa humo hupotea. MS-DOS ilipotoka mwaka 1981 haikuwa na folda. Programu iliyotaka kuchapa iliandika kwa jina PRN, kana kwamba ni faili. Folda zilipoletwa na MS-DOS 2.0 mwaka 1983, majina hayo yaliachwa yatambulike ndani ya kila folda, ili programu za zamani zisikwame. Windows ikayarithi.

Tahadhari ipo hapa: Linux huyaruhusu. Kumbukumbu za madrasa zikiwekwa humo katika folda iitwayo AUX, huenda zikagoma kunakiliwa kwenye Windows. Ukiandika KAMATI-1 hutapata pingamizi, na amana ya waumini itafunguka kwa katibu atakayekurithi.