Jua ni la Bure, Betri ni ya Fedha

Atembeaye jioni katika vijiji vya Obokote, kwenye msitu wa Lubutu, huona siku hizi jambo ambalo wazee wetu hawakuliona: hapa na pale taa nyeupe yang'aa dirishani bila moshi wala mafuta. Juu ya paa imewekwa paneli ya jua, na pembeni mwa chumba limewekwa sanduku zito lenye vichwa viwili vya risasi, yaani betri. Wageni huisifu paneli. Sisi leo twataka kusema juu ya betri, kwa maana ndiyo ilayo fedha za jamaa, tena ndiyo ifayo upesi.

Betri yetu ya kwanza ilikufa kabla ya kutimiza mwaka. Tulimlaumu mwuzaji, tukailaumu na mvua, kumbe kosa lilikuwa letu. Tulikuwa tumenunua betri ya motokari. Betri ya namna hiyo imefanywa kwa kazi moja: kutoa nguvu nyingi kwa kitambo kidogo, injini iamke, kisha ijazwe tena mara hiyo. Mabamba ya risasi yaliyomo ndani yake ni membamba. Nasi tuliitumikisha usiku kucha, kwa taa, kwa redio na kwa simu za majirani, hata taa zikafifia kama kaa la moto. Betri iachwayo tupu hivyo, mabamba yake hushika ukoko mgumu, na ukoko ukishakomaa hauondoki. Mfaransa Gaston Planté aliibuni betri ya risasi mwaka 1859, na mpaka leo haijaacha tabia hiyo.

Basi, nunueni betri iliyofanywa kwa kazi ya jua, nanyi mtumie nusu, nusu iacheni. Mtajuaje nusu? Pateni kipima umeme, chombo kidogo kisicho cha bei kubwa. Asubuhi, kabla jua halijapanda, na taa zote zimezimwa, pimeni: volti 12.7 maana yake imejaa, volti 12.2 imebaki kama nusu. Ikishuka chini ya hapo, jioni ile redio ipumzike. Tena, kati ya paneli na betri sharti pakae kidhibiti, kisanduku kizuiacho umeme usizidi mchana. Sisi tulikiacha ili kuokoa fedha kidogo, tukapoteza nyingi.

Sasa tufanye hesabu, na wanafunzi watusaidie. Paneli ya wati 50 haitoi wati 50 kutwa nzima. Kwa mawingu ya kwetu, tukihesabu saa tatu za jua kamili, twapata wati-saa 150. Taa tatu za wati 5 zikiwaka saa nne hula 60. Simu kubwa moja hula kama 15 au 20. Kwa hiyo simu kumi za majirani zaweza kuimaliza siku yote ya jua, na mtoto wa darasa la sita anayejiandaa kwa mtihani akabaki gizani na kitabu chake. Kumnyima jirani ni vigumu, nasi hatutaki kufundisha choyo. Mwambieni tu ailete simu adhuhuri, jua likiwa kali, wala si usiku.

Kuhusu paneli tutasema machache. Obokote iko karibu kabisa na ikweta, na jua hupita karibu na utosi. Yatosha kuilaza kwa mwinamo mdogo, mvua iioshe. Lakini jihadharini na kivuli. Vipande vyake vimefungwa kwa mfuatano kama watu wapokezanao ndoo: mmoja akisimama, wote husimama. Jani moja la mgomba laweza kuiba sehemu kubwa ya umeme.

Liko jambo zito zaidi. Betri ya maji ikijazwa hutoa hewa iwakayo. Siku moja tulifungua vifuniko vyake ili kutazama maji, na kwa kuwa chumba kilikuwa na giza, tukawasha kiberiti. Ulisikika mlio kama wa bunduki, asidi ikarukia shati letu. Macho yalipona kwa rehema ya Mungu. Tumieni tochi, watoto wakae mbali, na mlangoni pawe na ndoo ya maji safi: asidi ikiingia jichoni, osheni mara moja, muda mrefu, kisha mwende kwa mganga wa hospitali. Maji yakipungua, ongezeni maji yaliyotoneshwa, kamwe si asidi, wala si maji ya mto.

Wako pia wavunjao betri kuukuu ili kuyeyusha risasi ya kutilia nyavu. Ndugu zetu, risasi ni sumu, nayo huwaumiza watoto kupita wakubwa. Huko Thiaroye-sur-Mer, karibu na Dakar katika Senegal, watu walikuwa wakipasua betri kuukuu na kuchekecha mchanga wenye risasi. Kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 walikufa watoto 18.

Betri yetu ile iliyokufa ingali ghalani, imesimama juu ya ubao, vichwa vyake vimefunikwa kwa mpira. Wawili wameomba kuinunua ili waivunje, tukakataa. Twamngoja atakayeichukua nzima.