Cahuita, fasi wenyeji wanashika mlango wa parke yao



Mukisikia "Karibiani" wengi munawaza paka meli kubwa inayoshusha watalii maelfu kwa asubuhi moja, na hoteli za ukuta mrefu zenye mlinzi kwenye lango. Fasi hizo ziko, sikatai. Lakini pwani ya Karibiani ya Costa Rica ni habari ingine. Nilipokuwa nasoma mambo ya misitu kule Turrialba, nilifika mara tatu katika mji mdogo wa Cahuita, kilomita kama 43 kusini mwa bandari ya Limón. Kwa kuwa wengi munaniuliza, leo naeleza.

Kutoka San José ni saa nne hivi kwa bisi, kama barabara namba 32 haijafungwa. Inapita milimani, katika msitu wa Braulio Carrillo, na mvua ikizidi udongo unaporomoka. Siye wa Bukavu tunajua maneno hayo. Mimi nilikuwa nateremka kupitia Siquirres. Ukishapita Limón barabara inafuata bahari: minazi kushoto, ndizi za kampuni kulia.

Mji wenyewe ni njia chache, nyumba za mbao, watu juu ya baiskeli. Wanasalimiana "wa'apin", maana wazee wa pale wanasema Kiingereza chao cha krioli, hata kama Kihispania njo lugha ya serikali. Wali wanaupika pamoja na maharagi katika tui la nazi, wanatia pilipili nzima bila kuipasua, ili ilete harufu tu. Kuna pia rondón: samaki, muhogo na ndizi za kupika ndani ya tui, moto mdogo, bila haraka. Nilikula nikasema hapa sipotei.

Kwa nini watu weusi wengi namna ile katika nchi inayojiita ya wazungu? Ni reli. Njia ya gari-moshi ya San José hadi Limón ilimalizika mwaka 1890, na waliojenga wengi walitoka Jamaika. Wakabaki kwenye ndizi. Miaka ya 1930 kampuni ya ndizi ilipohamia upande wa Pasifiki, sheria ya 1934 ilikataza wafanyakazi weusi kuajiriwa kwenye mashamba mapya ya kule. Watoto wao, waliozaliwa palepale, wengi walipata uraia kamili baada ya 1949 tu. Watu wa Cahuita wakaishi kwa nazi, kakao na uvuvi. Mwishoni mwa miaka ya 1970 ugonjwa wa kuvu unaoitwa monilia ukaangamiza kakao, na tarehe 22 Aprili 1991 tetemeko kubwa likainua pwani na kuharibu sehemu ya matumbawe. Mgeni anayeona ule utulivu akidhani ni watu wasio na haraka ya maisha, amesoma ukurasa mmoja tu wa buku.

Sasa parke. Mwaka 1970 serikali ilitangaza rasi ya Cahuita kuwa eneo linalolindwa, na 1978 likawa parke ya taifa: zaidi ya hekta 1,000 za nchi kavu na zaidi ya 20,000 za bahari. Ndani mulikuwa mashamba ya watu, basi ugomvi ukaanza mapema. Mwaka 1994 serikali ikapandisha kiingilio cha wageni hadi dola 15. Cahuita haikuwa na matajiri. Iliishi kwa vijana wenye begi mgongoni, wanaolala kwa mama fulani na kula kwake. Wageni hao wangekimbia. Wanakijiji wakashika mlango wa Kelly Creek, ulio mwisho wa mji, wakakataa kutoza ile bei. Na hapa njo nawapongeza: hawakuishia kupiga kelele. Walifanya kazi ya mlango wenyewe, wakapokea wageni, wakasafisha njia. Mwishowe serikali ikakubali kuketi nao, na parke ikaanza kuongozwa na kamati ya pande mbili. Mpaka leo Kelly Creek unatia kwenye sanduku kile unachoweza. Kwenye mlango mwingine, Puerto Vargas, unalipa bei iliyopangwa.

Mwaka uleule wa 1970, kwetu, Kahuzi-Biega ilitangazwa kuwa parke ya taifa, na Batwa waliokuwa na msitu huo wakatolewa. Ugomvi wake haujaisha. Sisemi tuige Cahuita kama wanafunzi wanaokopia mtihani. Kule hakuna koltani, hakuna makundi ya silaha, na nchi ile ilifuta jeshi lake 1948. Lakini swali la nani anakaa mlangoni na nani anahesabu franga, hilo ni lilelile.

Kutembea ndani ni kilomita kama 8, njia tambarare kati ya msitu na bahari. Kuna nyani wanaonguruma asubuhi, kuna wadogo wenye uso mweupe wanaofungua begi yako kuliko mwizi wa soko la Kadutu, na yule mnyama mvivu wa juu ya miti. Musiguse majani bila kuangalia. Kuna nyoka mdogo wa manjano, ana sumu. Kutazama matumbawe ni pamoja na muongozi tu. Mwezi wa tisa na wa kumi, wakati Pasifiki inanyeshewa mingi, huku jua linawaka.

Usiku, muziki ni kalipso. Bwana wa kalipso ya pale alikuwa Walter Ferguson, aliyezaliwa Panama 1919 na kufariki 2023 akiwa na miaka 103. Alikuwa anarekodi nyimbo zake nyumbani, kaseti moja moja, na kumuuzia mtalii anayepita. Hakuweka kopi. Baadaye watu wakaanza kuzitafuta hizo kaseti katika nchi za mbali.

Utulivu huo hauna bima. Sheria ya 1977 inahesabu mita 200 kutoka baharini kuwa mali ya taifa, na familia zilizojenga hapo tangu zamani, bila karatasi, zimekaa na hofu ya kubomolewa. Ndiyo maana nawaomba, mukienda, mulale kwa wenyeji na mule kwao.

Kelly Creek watawapa daftari muandike jina na nchi. Mimi niliandika RDC. Mzee wa mlangoni akasoma, akaniuliza kama ni ile ya Brazzaville ao ingine, nikamuambia ingine, ile kubwa, akacheka na kunionyesha njia.