Tone la Mafuta ya Karafuu: Ladha kwa Keki, Hatari kwa Mtoto

Akina mama wengi wa Bariadi na wilaya nyingine za Mkoa wa Simiyu huoka keki na mikate nyumbani, mkaa chini ya sufuria na mkaa juu ya mfuniko. Ladha hutokana na iliki, mdalasini au arki ya vanila ya dukani. Yapo pia mafuta ya ladha yaliyokolea, kama vile ya karafuu, ya maganda ya limau na ya mnanaa. Tumeona ni vyema tuyaeleze, kwani faida na hatari yake vimo katika kichupa kimoja.

Mafuta haya si mageni nchini. Huko Chake Chake, Pemba, kiwanda cha ZSTC huyatoa katika makonyo, yaani vikonyo vinavyobaki baada ya karafuu kuchambuliwa. Mvuke hupitishwa katika makonyo, hubeba mafuta, kisha hupozwa, na mafuta hujitenga na maji. Kilo 100 za makonyo hutoa takribani kilo 5 au 6 tu za mafuta. Ndiyo maana tone moja lina nguvu.

Kwa familia ya Kiislamu lipo jambo jingine. Arki halisi ya vanila hutolewa kwa kuloweka vanila katika kileo; sheria ya Marekani hutaka kileo hicho kisipungue asilimia 35. Mafuta halisi hayana kileo. Hata hivyo, msomaji asome kibandiko, kwani mengine huchanganywa na vitu vingine.

Matumizi yake yanahitaji subira. Kijiko kimoja cha chai ni mililita 5, karibu matone 100. Anayepima mafuta ya karafuu kwa kijiko ataharibu unga, mayai na sukari yote. Tone moja latosha kuanzia. Mafuta hayachanganyiki na maji, hivyo yakorogwe kwanza katika siagi au mafuta ya kupikia. Yanunuliwe yaliyoandikwa kuwa ni ya chakula. Ya kupaka au ya manukato yasiingie jikoni. Yahifadhiwe katika chupa ya kioo, kwani mafuta ya karafuu hulainisha baadhi ya plastiki.

Lililo kubwa zaidi ni usalama wa watoto. Madaktari wameandika kisa cha mtoto wa miaka miwili aliyekunywa kati ya mililita 5 na 10 za mafuta ya karafuu: alipoteza fahamu na ini lake likadhurika. Kiasi hicho ni kijiko kimoja hadi viwili vya chai tu. Mtoto akinywa, asitapishwe. Apelekwe hospitali upesi pamoja na chupa yenyewe.

Tunawasihi wazazi na walezi: kichupa hicho kisikae karibu na sukari na majani ya chai. Kifungiwe juu, mahali ambapo mkono wa mtoto haufiki.